Kula nje Dar bila kuuziwa maneno

Mkahawa ukiandika "vyakula vya asili" mlangoni, mimi huanza na menyu. Ikiwa na kurasa kumi na embe dodo lipo mwaka mzima, nakunywa chai yangu naondoka. Jiko linalonunua kwa wakulima huandika ubaoni, na ikifika saa nane mchana limeshafuta vitu viwili vitatu.

Kisha muulize mhudumu kwa upole: "Mchicha huu mnautoa wapi, dada?" Anayejua atakutajia Kigamboni, au karoti za Lushoto. "Sokoni" si jibu baya, ila usikubali kulipia zaidi kwa hilo. Wakidai ni kilimo hai, ulizia nembo ya Kilimohai, inayotumika Afrika Mashariki tangu 2007. Mkulima mdogo anaweza kukosa cheti na bado asipulizie dawa, kwa hiyo mimi naridhika hata na jina la kijiji.

Mtihani wenyewe ni kuku wa kienyeji. Akifika mezani dakika kumi tu baada ya kuagizwa, ama alichemshwa tangu asubuhi (si kosa), ama ni wa kisasa. Shika paja: wa kienyeji mfupa ni mgumu, nyama imeung'ang'ania, inataka meno. Ndiyo maana napiga simu kuagiza kabla sijatoka nyumbani.

Pweza mwagize wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana na watu wanaingia mwambani kwa miguu kumtafuta. Siku nyingine uliza kwanza kama ametoka kwenye friza.