Namna ya kumwondolea mzee wako imani potofu kuhusu bangi bila kugombana

Wazee wanatumia bangi na wanazidi kuongezeka. Marekani, ambako haya mambo yanahesabiwa kila mwaka, watu wa miaka 65 kwenda juu waliosema wametumia ndani ya mwezi mmoja walikuwa asilimia 4.8 mwaka 2021, ilipofika 2023 wakawa asilimia 7. Wengine ni wale walioanza ujanani hawakuwahi kuacha, wengine wameanza wakiwa na sabini na kitu manake magoti yanauma, usingizi hauji, na kuna mtu kamletea kichupa cha mafuta ya bangi akamwambia jaribu hii. Sasa kinachonitia hofu mimi kuliko yote ni kwamba mzee anatumia kimya kimya. Kwenye ukoo kuna wanaoapa kwamba ukivuta mara moja tu unarukwa na akili, kuna na wanaoapa ni mmea wa Mungu hauna baya lolote, na mzee aliyebanwa katikati ya hao wawili hamwambii mtu, hata daktari hamwambii, na huko ndo anakoumia. Kwa hiyo lengo hapa ni moja tu, kuziondoa hizo imani mpaka mzee aone hamna ubaya kumtajia daktari anachotumia.

Kwanza jua sheria ya unakoishi

Sehemu nyingi duniani bangi bado ni kosa la jinai, kwingine inaruhusiwa kwa cheti cha daktari tu, na nchi chache kama Uruguay iliyopitisha sheria 2013 na Kanada mwaka 2018 zimewaruhusu watu wazima. Utasikia watu wakisema Umoja wa Mataifa umeshaihalalisha. Hapana. Kilichotokea Desemba 2020 ni kwamba kamisheni yao ya dawa za kulevya iliitoa bangi kwenye lile kundi kali zaidi la mkataba wa 1961, kura 27 kwa 25, ila ikabaki kwenye orodha ya vitu vinavyodhibitiwa, na kila nchi inaendelea na sheria yake. Mwambie mzee hili mapema, hasa kama anasafiri, asije akabeba kichupa mpakani akidhani ni mafuta ya kawaida.

Uliza kabla ya kusahihisha

Tafuta muda mko wawili tu. Usiende na sura ya mahakama. Sema kitu kama, "Mama, yale mafuta unayotumia usiku yanakusaidia wapi hasa?" alafu nyamaza umsikilize. Unataka kujua anatumia nini, anavuta au anakula au anadondosha chini ya ulimi au anapaka, kiasi gani, saa ngapi, na anatibu nini. Hilo la mwisho ndo la maana kabisa, manake mara nyingi nyuma ya bangi kuna maumivu au kukosa usingizi au upweke ambao hakuna aliyewahi kumuuliza, na ukimnyang'anya kichupa bila kuligusa hilo utakuwa umemfundisha kuficha vizuri zaidi. Ukisikia jambo la uongo usilirukie hapo hapo, liweke, mkimaliza mnarudi kulizungumza.

"Ni majani tu, hayana madhara"

Hii ndo utaisikia kuliko zote. Mweleze hivi: ndani ya bangi kuna kemikali nyingi ila mbili ndo zinazotajwa sana, THC ambayo ndo inalevya, na CBD ambayo hailevyi. THC ilitenganishwa kwa usafi mwaka 1964 na Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni kule Israeli, na baadae ikajulikana kwamba inafanya kazi kwa kushika vipokezi vilivyoko kwenye ubongo na sehemu nyingine za mwili, yaani inaingia pale pale panaposimamia kumbukumbu, mwendo, hamu ya kula na maumivu. Kitu chenye nguvu ya kupunguza maumivu lazima kina nguvu ya kufanya na mengine.

Na mwili wa mzee sio ule wa miaka 30. Misuli imepungua, mafuta yameongezeka kwa uwiano, na THC inapenda mafuta kwa hiyo inajificha humo na kutoka polepole, ini na figo nazo hazisafishi kwa kasi ya zamani. Dozi ile ile inayompa kijana stimu kidogo inaweza kumchanganya mzee hadi asubuhi. Alafu THC inapandisha mapigo ya moyo na inaweza kushusha presha ghafla mtu anapoinuka, kizunguzungu, miguu inakosa nguvu, anaanguka, na mzee akivunjika nyonga ni habari nyingine kabisa. Moyo pia usiuache nje ya mazungumzo. Utafiti uliotoka 2001 kwa watu waliopata mshtuko wa moyo ulikuta ndani ya saa moja baada ya kuvuta, hatari ilikuwa karibu mara 5 ya ile ya kawaida. Kama mzee wako ameshawahi kupata mshtuko wa moyo, au mapigo yake hayaeleweki, au kuna wakati alisikia sauti zisizokuwepo, hapa usilegeze hata kidogo, mwambie wazi kwamba kwake yeye hii sio kitu cha kujaribu.

"Naijua hii, nilivuta ujanani"

Aliijua ile ya enzi zake. Bangi zilizokamatwa Marekani katikati ya miaka ya 1990 zilikuwa na THC kama asilimia 4, siku hizi zinapita 15, na yale mafuta yaliyokolezwa yanakwenda juu zaidi ya hapo. Mzee anayerudi baada ya miaka 40 ahesabu ndo anaanza.

"Kula ni salama kuliko kuvuta"

Hapa kaa naye taratibu manake ndo wengi wanapojikuta hospitali. Ni kweli kuvuta kunapeleka moshi na lami kwenye mapafu, na mzee mwenye pumu au kifua hafai kabisa kuvuta, kwa hiyo mtu anakwambia basi mimi nakula, nipo salama. Tatizo ni muda. Ukivuta unaihisi ndani ya dakika chache na inapungua ndani ya saa chache. Ukiila, inapita tumboni kwanza, ini linaibadilisha THC kuwa kemikali nyingine yenye nguvu nayo, na hiyo safari inachukua kuanzia nusu saa hadi saa 2, wakati mwingine zaidi. Sasa mzee amekula kipande, amekaa dakika 40, haoni kitu, anasema hii feki, anaongeza cha pili, baadae vyote viwili vinamfikia kwa pamoja na havitoki haraka, saa 6, 8, wengine zaidi, hajui yuko wapi, moyo unakwenda mbio, anadhani anakufa. Kanuni ya kumpa ni fupi: ukishakula usiongeze siku hiyo hiyo, hata kama hujasikia kitu.

Na chochote kinacholiwa chenye bangi kifungiwe kwa funguo, kwenye chombo chake kilichoandikwa. Wajukuu wanaona pipi, hawaoni dawa.

"CBD hailevyi, haigombani na dawa zangu"

Hii inabebwa na watu makini kabisa, wasomaji wa lebo, na ndo inanisumbua zaidi manake inasikika kama ya kitaalamu. Kutolevya ni kweli. Kutogombana na dawa sio kweli. CBD inazuia baadhi ya vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa, kwa hiyo dawa nyingine inabaki kwenye damu muda mrefu na kwa kiasi kikubwa kuliko daktari alivyopanga. Mfano mkubwa ni warfarini, ile dawa ya kuzuia damu isigande, mtu akiongeza CBD damu inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi na akaanza kutoka damu. Yupo na anayemeza dawa za usingizi, za wasiwasi, za kifafa au za maumivu makali jamii ya mofini, akiweka bangi juu yake usingizi unakuwa mzito na akili inakuwa nzito. Na presha, mtu ana dawa ya kushusha presha alafu na THC nayo inashusha anaposimama, unaona mwenyewe inakoelekea. Pombe na bangi pamoja ndo usiseme, na kuendesha gari baada ya kutumia ni marufuku kwa umri wowote.

Na je hicho kichupa kina kilichoandikwa? Mwaka 2017 watafiti walinunua bidhaa 84 za CBD mtandaoni wakazipima, chini ya theluthi ndo zilikuwa na kiasi kinacholingana na lebo, na 18 zilikuwa na THC ndani. Yaani mzee anaweza kuwa analewa kidogo kidogo kila siku na mnadhani ni uzee unamchukua.

"Inatibu kila kitu"

Usimwambie haitibu chochote. Huo nao ni uongo, na akishakukamata kwa uongo mmoja hatakusikiliza kwenye lingine. Mwaka 2017 Akademia za Taifa za Sayansi za Marekani zilipitia tafiti kwa wingi, zikasema ushahidi mzuri upo kwenye maumivu sugu ya watu wazima, kichefuchefu na kutapika kunakoletwa na dawa za saratani, na kukakamaa kwa misuli kwa wagonjwa wa multipo sklerosisi, ugonjwa unaoshambulia neva. Kwenye maumivu nafuu yenyewe kwa wengi ni ya wastani, sio muujiza. Usingizi unaweza kusaidika kwa muda mfupi kwa baadhi ya wagonjwa.

Kutibu saratani yenyewe, hapana, yale mnayotumiwa kwenye simu ni seli kwenye vyombo vya maabara na wanyama, na mtu anayeacha tiba ya saratani akashika mafuta anapoteza muda ambao hautarudi. Presha ya macho nayo, ni kweli bangi inaishusha, ila kwa saa 3 au 4 tu, ingebidi mtu atumie usiku na mchana bila kupumzika wakati tone la dawa ya macho linafanya kazi hiyo akiwa na akili zake. Ugonjwa wa kusahau ndo unaowaumiza watu roho. Kulikuwa na utafiti 2017 wa panya wazee waliopewa THC kidogo wakafanya vizuri kwenye majaribio ya kumbukumbu, ukasambaa kila mahali, ila ni panya, na kwa binadamu tunachokijua ni kwamba THC inavuruga kumbukumbu ya muda mfupi. Kwa mzee ambaye tayari anasahau, hiyo ni kumuongezea mzigo.

Za kutisha nazo ziondoe

Kama kuna shangazi anayesema mzee atakuwa teja au chizi, ongea na yeye pia. Wengi wanaotumia hawafiki huko. Ila msigeukie upande wa pili mkasema bangi haina uraibu au mzee hawezi kuwa mraibu, manake makadirio ya zamani yalisema mtumiaji 1 kati ya 10 anashikwa, na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa kinasema takriban 3 kati ya 10 wana kiwango fulani cha tatizo la matumizi. Dalili ziko wazi: anaongeza kiasi, anaacha aliyokuwa anapenda, na akikosa siku mbili anakuwa mkali, halali, hali chakula. Akitaka kuacha baada ya kutumia kila siku apunguze taratibu, hayo mateso kwa kawaida yanapoa ndani ya wiki moja au mbili. Na mtumiaji wa kila siku wa muda mrefu anayetapika mara kwa mara na kupata nafuu akioga maji ya moto tu, apelekwe akapimwe, kuna ugonjwa wa kutapika unaoletwa na bangi yenyewe na madaktari wengi hawaufikirii kama hawajaambiwa anatumia.

Akishaamua kuendelea, na sheria inaruhusu

Daktari kwanza. Mwandikieni karatasi moja, dawa zote anazomeza hadi za mitishamba, alafu na bangi pale pale: jina la bidhaa, miligramu za THC na CBD, njia, saa. Kama mzee anaona aibu kuitamka, ampe daktari karatasi asome. Kuanza ni kwa kiasi kidogo sana, miligramu 2.5 za THC au pungufu, usiku, akiwa amekaa, na mtu mwingine yuko ndani ya nyumba. Kupandisha ni baada ya siku kadhaa sio kesho yake. Akiamka usiku kwenda chooni akae kwanza kitandani kidogo ndo asimame, taa iwake, mkeka unaoteleza utolewe. Asiache dawa yake yoyote ya hospitali kwa sababu anajisikia vizuri. Na akipangiwa upasuaji lazima daktari anayemlaza kwa dawa ya usingizi ajue, manake inabadilisha moyo na inaweza kubadilisha kiasi cha dawa ya kulaza.

Siku amezidisha na amechanganyikiwa lakini anaongea, anapumua vizuri, mlazeni sehemu tulivu, mtu akae naye, asiachwe atembee. Ila kifua kikibana, mdomo ukienda upande, mkono ukikosa nguvu, akizimia, akishindwa kuamshwa, au ameanguka akajigonga kichwa na anatumia dawa ya kuzuia damu isigande, msingoje iishe nguvu. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, na kichupa au pakiti mwende nayo, mkifika mseme katumia nini, kiasi gani na saa ngapi, hata kama pale mlipo ni kosa kisheria, mgonjwa hawezi kutibiwa vizuri kwa nusu ya maelezo.