Umehama Windows, umeingia Linux Mint: faili zako zinakaa wapi?

Aliyezoea Windows akifungua Linux Mint au Ubuntu mara ya kwanza huanza kuitafuta C: na D:. Hazipo. Linux haizipi diski herufi. Diski ya ndani, flashi, kadi ya kamera, vyote vinaonekana chini ya mzizi mmoja unaoandikwa kwa mkwaju mtupu: / . Kwa hiyo njia ya faili, mathalani /home/asha/Documents/bajeti.ods, haikuambii peke yake iko kwenye diski gani. Hilo ndilo la kujua mapema kuliko yote, kwa sababu karibu kila faili "lililopotea" baada ya kuhama limelala kwenye diski ambayo mwenyewe hakuitarajia.

Eneo lako ni /home na jina lako la kuingilia. Humo mna Documents, Downloads, Pictures na Desktop. Folda za /etc, /usr na /var ni za mfumo. Zisome ukipenda, usizifute. Programu nayo haikai ndani ya folda moja kama Program Files, sehemu zake zimetawanyika, kwa hiyo ya kuondoa iondoe kupitia Software Manager. Na usihifadhi kazi ndani ya /tmp: kompyuta ikiwashwa upya, yaliyomo hufutwa.

Kujua faili liko kwenye diski ipi, fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike:

df -h ~/Documents

Safu ya kwanza ya jibu ni jina la diski. /dev/sda2 ni sehemu ya pili ya diski ya kwanza. /dev/nvme0n1p2 ni sehemu ya pili ya diski ya kisasa aina ya NVMe. Kuziona diski zote kwa pamoja tumia lsblk. Diski ya GB 500 ikiorodheshwa kuwa 465.8G hujaibiwa: mtengenezaji huhesabu kwa 1000, amri ya lsblk huhesabu kwa 1024.

Flashi ukiichomeka hufunguka chini ya /media/jina-lako/, ikifuatiwa na jina la flashi yenyewe. Hapa wengi hupoteza kazi. Linux hupokea data kwenye RAM kwanza, kisha huiandika kwenye flashi polepole, hivyo dirisha la kunakili linaweza kufungwa huku sehemu ya faili bado haijafika. Bonyeza alama ya kutoa iliyo kando ya jina la flashi, usubiri ujumbe kwamba ni salama kuichomoa. Faili la video la GB 3 kwenye flashi ya bei nafuu linaweza kukuchelewesha dakika kadhaa, vumilia.

Flashi inayosema imejaa ilhali umeshafuta kila kitu ina folda iliyofichwa iitwayo .Trash-1000. Ulivyofuta vimehamia humo, na nafasi hairudi mpaka umwage pipa la taka flashi ikiwa bado imechomekwa. Jina lolote linaloanza na nukta hufichwa. Ctrl+H huyaonyesha, Ctrl+H tena huyaficha.

Ikiwa umeacha Windows kwenye kompyuta hiyohiyo, patisheni yake, yaani sehemu yake ya diski, yenye muundo wa NTFS itasomeka, lakini huenda ikakataa kuandikwa. Sababu ya kawaida ni kwamba Windows ukiizima haizimiki kabisa: hujihifadhi nusu ili iwake haraka, na Linux hukataa kuandika kwenye diski iliyoachwa katika hali hiyo. Usilazimishe, unaweza kuharibu faili. Rudi Windows, fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi, andika powercfg /h off, bonyeza Enter, kisha zima kompyuta. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kusimba data, chukua ufunguo wake wa kuokolea kabla hujaanza kusakinisha Linux. Bila ufunguo au nywila hutazifungua faili zake.

Flashi itakayotembea kati ya kompyuta za Windows na Linux ipe muundo wa exFAT. FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4, na ext4, muundo wa kawaida wa Linux, Windows haiisomi bila msaada wa programu nyingine. Majina pia yana mitego: ndani ya ext4, Ripoti.odt na ripoti.odt ni faili mbili tofauti, ila ukizinakili kwenye exFAT zitagongana, na moja inaweza kuifuta nyingine. Epuka pia alama : ? * " < > | katika majina, kwani Windows haizikubali.

Sasa diski ya pili ya ndani, ile uliyokuwa ukiiita D:. Mara nyingi haiunganishwi mpaka uibonyeze kwenye orodha ya kushoto. Ili iunganishwe kila kompyuta inapowaka, fungua programu ya Disks, chagua patisheni, bonyeza alama ya gia, kisha Edit Mount Options. Zima User Session Defaults, weka tiki kwenye Mount at system startup, na acha neno nofail palepale lilipo. Ukiliondoa, siku diski ikiharibika au kuchomolewa kompyuta inaweza kukwama katikati ya kuwaka.

Tuseme umechagua iunganishwe kwenye /mnt/data. Siku isipounganishwa, folda ya /mnt/data bado ipo, tupu. Programu inayoendeshwa kwa haki za mfumo, kwa mfano ya kunakili akiba usiku, itaandika humo bila kulalamika, na data itaingia kwenye diski kuu. Diski ikirudi, inazifunika faili hizo: hazionekani, na bado zinakula nafasi. Kabla ya kunakili, andika findmnt /mnt/data. Isipojibu kitu, diski haijaunganishwa.

Na ikiwa diski hiyo umeiumba upya kwa ext4 ikakunyima ruhusa ya kuandika, ni kwa sababu mwenye folda yake ya juu ni root, msimamizi mkuu wa mfumo. Ikishaunganishwa, andika mara moja tu:

sudo chown $USER: /mnt/data

Usifuate ushauri wa kuandika chmod -R 777, hasa kwenye / . Amri hiyo hutibua ruhusa za mfumo mzima, sudo yenyewe, amri inayokupa haki za root, huacha kufanya kazi, na mara nyingi tiba huwa ni kusakinisha upya.