Changisha vyoo vya shule kama unavyochangisha harusi

Nimekuwa mweka hazina wa kamati za harusi kumi na moja. Mtaani kwetu Tanga, mtu akiona jina langu kwenye simu anajua ni mchango. Ila mara ya kwanza nilipochangishia kitu kisicho na pilau mwishoni, niliaibika.

Ilikuwa vyoo vya wasichana, shule ya msingi niliyosoma wilayani Korogwe. Kwenye grupu la tuliosoma hapo, watu 214, niliandika: "Ndugu zangu, shule yetu ina hali mbaya, tunahitaji shilingi 8,400,000, kutoa ni moyo." Nilipata mikono ya dua hamsini na ushee, na shilingi 85,000 kutoka kwa watu sita. Wiki hiyohiyo watu walewale walikuwa wakilipia kadi za harusi ya mtoto wa mwenzetu, laki moja singo, laki na nusu dabo. Pesa ilikuwepo, basi. Nikafungua daftari langu la harusi kuangalia kule nafanya nini ambacho huku sikukifanya.

Harusini hatumwombi "kila mtu". Kila mjumbe anapewa kadi zake, zenye majina. Ujumbe wa grupu kila mmoja anausoma akidhani mwenzake ndiye anayeambiwa. Nikagawa yale majina kwa wajumbe tisa, kila mmoja akachukua anaofahamiana nao, na masharti yakawa kupiga simu. Meseji baadaye.

Halafu omba kitu chenye bei. Dukani mfuko wa saruji ulikuwa 16,500, na mlango na fremu yake fundi alitaka 120,000. Nikampigia mjomba mmoja:

"Shikamoo mjomba. Nakuomba mifuko mitano ya saruji, vyoo vya wasichana pale shuleni."

"Marahaba. Mitano ndiyo shilingi ngapi?"

"Elfu themanini na mbili na mia tano."

"Niweke na ya kutolea?"

"Iweke, mjomba."

Usione haya hapo. Tangu tozo ya miamala ilipoanza mwaka 2021, kila mtu anajua makato yanavyouma. Sisi harusi ya kwanza hatukusema, tukafika kwa mpishi tumepungukiwa.

Sasa, maelezo ya shida yenyewe. Shule ilikuwa na wasichana 312 na matundu 4. Mwongozo wa serikali ni tundu moja kwa wasichana 20, kwa hiyo yalihitajika 16. Hesabu hii iweke tayari, maana mhasibu au mwalimu mstaafu ataiuliza. Lakini usianze nayo. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007 uliwapa watu hadithi ya msichana wa miaka saba wa Mali, Rokia, na wengine wakapewa takwimu za njaa. Waliosoma habari za Rokia walitoa wastani wa dola 2.38, wa takwimu dola 1.14. Waliopewa vyote viwili walitoa dola 1.43 tu! Yaani takwimu zilimfunika mtoto.

Mimi sikutaka kumpiga picha mtoto wa mtu akiwa na shida, na wewe usifanye hivyo. Nilipiga picha ya mlango. Haukuwa mlango hasa, ni kiroba cha mbolea kilichopigiliwa misumari juu, chini kinapepea. Wasichana wanakwenda wawiliwawili. Mmoja anaingia, mwenzake anasimama nje ameshika pembe ya kiroba. Nikaandika hivyo tu, sentensi mbili. Mwenzetu mmoja aliyesoma pale miaka ya themanini akanipigia usiku: "Bado wanashikiana kile kiroba?" Yeye alilipa milango miwili.

Ndipo nilipoanza kuandika pembeni ya kila jina sababu ya kutoa. Mmoja ametoa kwa sababu tulimchangia msiba wa mama yake. Mwingine kaona jina la aliyekuwa akishindana naye darasa la saba. Dada yetu mmoja yuko Muscat, hutuma Ramadhani na hataki kutajwa. Kwenye orodha ni "mtoa sadaka". Ukimtaja huyo umempoteza, na yule wa darasa la saba usipomtaja umempoteza pia. Waulize kabla ya kubandika orodha.

Na orodha ina ujanja wake. Jina la kwanza likiandikwa 5,000, kumi wanaofuata wataandika 5,000. Tafuta watatu wa kutoa vizuri kabla hujaibandika, na pesa yao iwe imeingia kweli. Kuandika kiasi cha uongo ili kuvuta wengine ni wizi. Majina ya wasiotoa usiyabandike. Kuna kamati zinafanya hivyo. Zinapata pesa mara moja, kisha watu wanatoka kwenye grupu kimyakimya.

Piga simu kuanzia tarehe 25, mishahara ikianza kutoka. Januari pumzika, ni mwezi wa ada. Ahadi iandike na tarehe aliyoitaja mwenyewe, kisha kumbushia kwa tarehe hiyo: "Shikamoo kaka, ulisema tarehe 28." Hapo si wewe unayemdai, ni neno lake mwenyewe linalomkumbusha.

Barua ya mwalimu mkuu na ya mtendaji iwe mkononi kabla ya simu ya kwanza, na pesa itolewe kwa sahihi za watu wawili.

Tulipata 8,461,000 kwa miezi minne, matundu sita yakajengwa. Kila aliyetoa, hata wa 2,000, alitumiwa picha ya milango ikiwa na makomeo, pamoja na risiti za saruji. Salio lilikuwa 61,000. Nililitangaza siku hiyohiyo, nikauliza lifanyiwe nini. Wakabishana siku mbili, ndoo za kunawia au sabuni. Ndoo zikashinda.