SOMO: Filamu ya taharuki ya watu wasiojuana, nyumba moja porini, bajeti ndogo

Wakuu, salaam. Kila wiki napata ujumbe uleule: nina kamera moja, waigizaji watano na nyumba ya mjomba iliyo mbali na watu, nianzeje? Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, na kila nikijibu nasahau kipengele. Leo naandika yote mahali pamoja. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Nimeongoza filamu mbili za aina hii. Ya kwanza niliiharibu kwenye hatua ya 5, kwa hiyo hatua hiyo isomeni mara mbili.

Hatua ya 1: Tafuta eneo kwanza, ndipo uandike.
Ukishaandika daraja lililokatika, utahangaika kulitafuta. Ukikuta nyumba ina kisima, ghala na mlango unaogoma kufunga, tayari una sini tatu, yaani vipande vitatu vya hadithi, za bure. Nenda ukalale hapo usiku mmoja kabla hujakubaliana na mwenye nyumba. Mchana kila nyumba ya porini ni tulivu. Saa nane za usiku ndipo utasikia mashine ya jirani, mbwa wasionyamaza na malori ya barabara uliyodhani iko mbali.

Hatua ya 2: Kwa nini hawaondoki?
Mtazamaji atauliza hili mapema sana, na asipopata jibu umeshampoteza. Mto umefurika, gari limekufa, simu hazishiki mtandao: sababu hizi za nje zinakubeba nusu saa tu. Baada ya hapo kila mhusika awe na sababu yake ya ndani ya kubaki. Dereva anaogopa anachokiendea kuliko anachokikimbia. Mama fulani kaahidiwa kukutana na mtu hapohapo, na huyo mtu hajafika. Kijana mmoja kaificha pesa isiyo yake chini ya sakafu. Mvua ikikatika, dereva, mama na kijana bado wamekaa, na hapo ndipo filamu inapoanza kweli.

Hatua ya 3: Wahusika wanne hadi sita.
Wakiwa wawili, mbaya anajulikana mara moja. Wakizidi saba, hakuna anayekumbukwa.

Hatua ya 4: Skripti ya kurasa 80 hadi 90.
Ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya filamu. Ukipiga kurasa tano kwa siku, panga siku 18 na uweke mbili za akiba.

Hatua ya 5: Daftari la nani anajua nini.
Filamu yangu ya kwanza yote ilikuwa usiku mmoja, kuanzia saa mbili usiku mpaka alfajiri. Tuliipiga kwa mpangilio wa vyumba: jikoni siku tatu, halafu sebuleni, halafu nje. Mpangilio huo ni sahihi, maana kuhamisha taa kunakula muda kuliko kitu kingine chochote. Kosa langu lilikuwa kutegemea kichwa changu kukumbuka kila jambo.

Tulipokaa kuhariri, mshumaa wa mezani ndio uliotuumbua. Sini ya 14 ulikuwa umebaki kama kidole gumba, nta imemwagika mpaka kwenye kitambaa. Sini ya 19, saa mbili baadaye katika hadithi, ulikuwa unazidi shubiri na utambi wake haujaungua hata kidogo. Mshumaa ungeweza kufichwa kwa kukata fremu, ila kulikuwa na kubwa zaidi. Katika sini ya 22, mhusika wetu mmoja, muuguzi, anaona picha ukutani na kutambua kwamba mwenyeji wao siye mwenye nyumba. Sini ya 24 anapokea glasi ya maji kutoka kwa mtu huyohuyo na kumtabasamia. Sini ya 24 tuliipiga siku ya kwanza. Dada wa watu aliyemcheza muuguzi aliigiza vizuri kabisa kile nilichomweleza, na mimi sikumweleza kwamba wakati huo anajua. Nyumba ilikuwa imeshapangishwa kwa wengine, naye ameshakata nywele. Ilibidi tuitoe sini nzima, na ndani yake ndimo tulimoeleza ufunguo ulitoka wapi. Mpaka leo watu wananiuliza kuhusu ule ufunguo, na bado inaniuma.

Sasa nafanya hivi. Nachukua karatasi kubwa. Kushuka chini naandika sini zote kwa mpangilio wa hadithi, na kila sini naipa saa yake. Kwenda pembeni naweka safu ya kila mhusika. Ndani ya kila kisanduku naandika anajua nini mpaka hapo, hofu yake ni ngapi kati ya 1 na 10, na mwili wake una nini: tope, jeraha, shati lililolowa. Mwisho kabisa naweka safu ya mtazamaji, na hiyo ndiyo ninayoitazama zaidi.

Alfred Hitchcock, mwongozaji maarufu wa filamu za taharuki, alimweleza mwongozaji mwenzake François Truffaut jambo hili kwa mfano wa bomu chini ya meza. Watu wanapiga soga, bomu linalipuka ghafla, mtazamaji anashtuka sekunde 15. Mwonyeshe bomu mapema, mwonyeshe na saa ukutani, kisha waache watu wale wapige soga ileile, na umempa dakika 15 za kukaa roho juu. Kwenye karatasi yako, tafuta mahali ambapo safu ya mtazamaji inatofautiana na za wahusika. Zikifuatana sini tatu ambamo anajua kilekile wanachojua wao, hapo filamu imelala.

ONYO: Daftari hili apewe mtu mmoja asiye na kazi nyingine. Msaidizi wa taa hawezi kulishika.

ONYO: Kila mnapomaliza sini, piga picha kwa simu: meza, mikono ya kila mwigizaji, miguu, vifungo vya shati. Picha ziitwe kwa namba ya sini. Ukiziacha zichanganyike na picha nyingine kwenye simu hutazipata zikihitajika.

ONYO: Mishumaa nunua ya aina moja, ikate kabla ya siku ya kwanza kwa urefu tofauti, na kila kipande ukiandikie chini saa yake ya hadithi.

Hatua ya 6: Chumba kimoja kionekane kinabana.
Mwongozaji Sidney Lumet alifanya hivi mwaka 1957 katika 12 Angry Men, ambayo karibu yote iko ndani ya chumba kimoja. Alianza na kamera juu ya usawa wa macho na lenzi pana, inayoingiza eneo kubwa. Filamu ilivyosonga akaishusha kamera na kuhamia lenzi ndefu zaidi, zinazovuta vitu karibu, mpaka kuelekea mwisho dari linaonekana na kuta kama zinawakaribia watu. Gharama yake ni kupanga tu. Ila ukipiga kwa mpangilio wa vyumba kama mimi, andika kwenye daftari la hatua ya 5 kila sini ina lenzi gani na kamera iko kimo gani. Na watu watano wakikaa kuzunguka meza, chora kwanza kila mmoja anamtazama nani na mstari wa kufikirika kati ya wanaoongea ambao kamera haivuki, la sivyo kwenye uhariri kila mtu ataonekana anaongea na ukuta.

Hatua ya 7: Sauti.
Maiki iwe karibu na mdomo, nje ya fremu. Maiki iliyo juu ya kamera itakuletea chumba chote na maneno utayasikia kwa mbali. Kila chumba, kabla hamjahama, wote nyamazeni dakika nzima mrekodi ukimya wake. Ukimya wa jikoni si ukimya wa ghalani, na mhariri atauhitaji kuziba mapengo.

Hatua ya 8: Nakala.
Kila jioni nakala tatu za mlichopiga, angalau aina mbili za hifadhi, moja ilale mbali na nyumba. Kadi ya kamera isifutwe mpaka mtu afungue nakala na kuitazama.

Hatua ya 9: Usalama.
Silaha ziwe za bandia, na majirani pamoja na polisi wa eneo waambiwe kabla ya usiku wa kwanza. Mahali pasiposhika mtandao, gari moja likae limegeuzwa kuelekea njia, ufunguo mahali wote wanapopajua.

Maswali karibuni.

MASWALI

Kamera Mkononi: Mkuu somo zuri. Kamera gani inafaa?

Mwandishi: Sikutaja kamera popote, na nimefanya makusudi. Uliyonayo.

Kamera Mkononi: Nina simu tu. Inatosha?

Mwandishi: Inatosha. Funga fokasi na mwanga zisijibadilishe zenyewe katikati ya shoti. Kisha rudi hatua ya 7, maana simu itakuangusha kwenye sauti kabla ya picha.

Jicho la Pembeni: Hao wakina Hitchcock walikuwa na studio na mamilioni. Mifano hii haitusaidii sisi wa bajeti ndogo.

Mwandishi: Safu ya mtazamaji inahitaji kalamu na karatasi. Kushusha kamera kutoka kifuani hadi kiunoni ni kulegeza skrubu moja ya stendi. Niambie ni kipi hapo kinachohitaji studio, nami nitakijibu.

Nyuma ya Pazia: Asante sana kwa hatua ya 5. Nina tatizo: kwenye hadithi yangu sitaki mtazamaji amjue muuaji mpaka mwisho. Sasa safu ya mtazamaji si itakuwa tupu?

Mwandishi: Swali zuri hili, nililingoja. Jina la muuaji ni siri, na siri unaweza kuifunga mpaka mwisho. Ila siri peke yake humfanya mtazamaji afikirie, haimfanyi aogope. Ili aogope mpe jambo jingine la kujua. Tuseme kwenye droo ya jikoni kuna visu sita. Sini ya 8 mhusika anaivuta droo akitafuta kiberiti, kamera inakaa pale kidogo, visu ni vitano. Mhusika anachukua kiberiti anafunga, hakuhesabu. Kuanzia hapo mtazamaji hajui nani, ila anajua kisu kinatembea ndani ya nyumba, na atatazama kila mkono ulioingia mfukoni. Andika kwenye safu yake: "kisu kimoja hakipo". Unaweza kukaa na sentensi hiyo dakika 40 bila kumtaja mtu.

Nyuma ya Pazia: Kwa hiyo sini ya mwanzo lazima nionyeshe vikiwa sita.

Mwandishi: Naam, na vionekane bila kusukumwa. Mtu anapangusa vyombo, anavirudisha kimoja kimoja. Sauti ya kila kisu kikigusa droo ndiyo itakayomhesabia.

Stori Fasta: Kaka naomba stori ya filamu kama hii, nina waigizaji tayari.

Mwandishi: Hatua ya 1 na ya 2. Umezisoma?

Stori Fasta: Nimepitia juujuu.

Mwandishi: Zisome, ulale kwenye hiyo nyumba usiku mmoja, uje na sababu tatu za watu kutoondoka. Ukija nazo nitakaa na wewe tuziandike.

Binti wa Jukwaani: Mimi ni mwigizaji. Mwongozaji akiniambia hofu ni 7, naichezaje? Naona kama namba itanifanya nizidishe.

Mwandishi: Una haki kuogopa hilo, dada. Namba ni ya mwongozaji na mwenye daftari, usipewe wewe ikiwa tupu. Wewe upewe tendo. Chukua mstari mmoja: "Umefunga mlango wa nyuma?" Kwenye 3 unauliza huku unakunja nguo, na unangoja jibu. Kwenye 5 unaacha kukunja. Kwenye 7 unauliza ukitazama mlangoni, na jibu likija hulisikii, unauliza tena maneno yaleyale. Kwenye 9 huulizi, unaenda mwenyewe kutazama. Muombe mwongozaji akwambie pia sini iliyotangulia iliishaje, hata kama itapigwa wiki ijayo. Yule muuguzi wangu angeniuliza hivyo, sini ya 24 ingepona. Lakini kuuliza halikuwa jukumu lake.

Mzee wa Taa: Niongezee kwenye sauti. Friji mnaizima ili isivume, halafu mnasahau kuiwasha. Weka ufunguo wa gari ndani ya friji. Hutaondoka bila kuifungua.

Mwandishi: Hii naichukua. Asante mzee.

Mzee wa Taa: Na taa za ndani zikimemeta kwenye picha, tazama umeme wa hapo. Wa hezi 50 weka shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha) sekunde 1/50, wa hezi 60 weka 1/60.

Kamera Mkononi: Usiku naupigaje bila taa kubwa?

Mwandishi: Za nje zipige mchana. Jua liwe nyuma ya waigizaji, mbingu isiingie kwenye fremu, punguza mwanga kama stopu mbili (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), mizani ya weupe (mpangilio wa kamera wa rangi ya mwanga) iweke kwenye taa za ndani ili picha iwe ya bluu. Jaribu kwanza siku moja kabla, maana madirisha na taa za gari huwa hazionekani kuwaka.

Nyuma ya Pazia: La mwisho. Mvua. Nimeandika mvua usiku kucha na paa ni la bati.

Mwandishi: Usingoje mvua ya kweli, itafunika maneno yote. Nyesha mvua kwenye dirisha moja tu linaloonekana, kwa mpira wa bustani, na sauti ya bati mtaiweka kwenye uhariri. Funika bati juu ya dirisha hilo kwa mablanketi ili matone yasipige kelele.

Nyuma ya Pazia: Nilijaribu mpira juzi. Maji hayaonekani kabisa kwenye picha.

Mzee wa Taa: Taa yako ilikuwa upande wa kamera. Ipeleke nje, nyuma ya maji, ielekee dirishani, uifiche na fremu ya dirisha. Kila tone litang'aa. Waya wa umeme uinuliwe juu, usilale kwenye tope.