Unahisi una ADHD (tatizo la kukosa umakini na kutotulia) na hujawahi kupimwa? Anzia hapa

Kusahau funguo au kuahirisha kazi hakutoshi. Kwa mwongozo wa DSM-5, kitabu cha Marekani cha kutambua matatizo ya akili, mwenye miaka 17 na zaidi awe na angalau dalili 5 za kukosa umakini, au 5 za kutotulia na kukurupuka, zilizodumu miezi 6 au zaidi. Ziwe zinamvuruga kazini na nyumbani pia, na kadhaa zilijitokeza kabla hajatimiza miaka 12.

Hapo kwenye utoto ndipo wengi hukwama, maana kumbukumbu hudanganya. Tafuta ripoti za shule ya msingi usome maoni ya walimu, si alama tu: mtoto mwerevu hufaulu hata kama mawazo yake yako mbali. Muulize pia mzazi au ndugu aliyekulea.

Kwa wiki 2, andika saa unazolala na kila kazi iliyokwama. Usingizi haba, sonona, wasiwasi na matatizo ya tezi ya thairoidi huleta dalili zinazofanana, kwa hiyo daktari avichunguze.

Jaza ASRS, dodoso la watu wazima la kujipima dalili za ADHD. Maswali 6 ya kwanza kati ya 18 huchuja tu, hayathibitishi. Mpelekee majibu daktari wa afya ya akili. Tafadhali, usijaribu vidonge vya ADHD vya mwenzako: vinaweza kupandisha presha na mapigo ya moyo.