Kutoa Minyoo wa Mnandi Bila Kuwakata Vichwa

Vijana wanaotembeza wageni kwenye mlango wa mto Sabaki huniita wakikuta ndege wa maji amekufa. Nimekaa miaka mingi katika maabara ya mifugo, na neno langu kwao ni moja: mnyoo aliyekatika kichwa hana jina. Tegu, mnyoo mrefu kama utepe, hutambuliwa kwa kichwa, na kichwa chenyewe ni kidogo kuliko chembe ya mchele, tena kimejichimbia ndani ya utumbo.

Mkiona ndege wengi wamekufa pamoja, msiwaguse. Mpigieni afisa wa mifugo na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, maana huenda ni homa ya ndege. Hata akiwa mmoja, ndege wa porini hapasuliwi bila kibali. Kibali kikipatikana, vaeni glavu na barakoa, mlowanishe manyoya kwa maji ya sabuni ili vumbi lisiwapande puani.

Mnandi, yule ndege wa maji mla samaki, wa mwisho niliyempasua alikuwa amenaswa na mshipi wa mvuvi. Nilianza kinywani na kooni. Kwa kulastara hapo ndipo hukaa minyoo bapa, kwa hiyo siparuki. Kope nazo huinuliwa, kuna minyoo bapa wa machoni.

Hazina yenyewe, kwa mnandi na mwari, iko katika tumbo la kwanza, lile laini kabla ya firigisi. Nililipasua kwa mkasi nikakuta minyoo weupe wa mviringo wamesongana kama tambi, vichwa vimezama nyamani. Mara nyingi hawa ni jamii ya Contracaecum. Mayai yao hutoka na kinyesi cha ndege, mnyoo mchanga akaliwa na vidudu vidogo vya majini, vidudu vikaliwa na samaki, samaki akaishia kwa mnandi. Ukiwahesabu unasoma alichokuwa akila. Mama mmoja wa sokoni aliniuliza kama basi tuache samaki. La, mama, samaki akiiva vizuri minyoo hao wamekufa.

Waosheni katika maji ya chumvi, gramu 9 kwa lita moja, yaani kijiko cha chai na nusu. Maji matupu ya bomba huwavimbisha mpaka wapasuke. Kisha utumbo: ukateni kwa urefu wake wote, muuweke katika sinia jeusi lenye maji hayo hayo, muuache saa kadhaa mahali pa baridi. Juu ya weusi huo, tegu mweupe huonekana hata akiwa mwembamba kama uzi. Wengine hujiachia wenyewe. Anayekataa asivutwe kamwe. Kateni kipande cha ukuta wa utumbo pamoja naye.

Minyoo wa mviringo huuawa kwa spiriti ya asilimia 70 iliyopashwa moto, ili wafe wamenyooka. Pasheni kwa kusimamisha chupa ndani ya maji ya moto, si juu ya jiko, spiriti hushika moto haraka.

Ndani ya kila chupa tieni karatasi iliyoandikwa kwa penseli: ndege gani, kiungo gani, mahali, tarehe. Niliwahi kuandika kwa kalamu ya wino, spiriti ikafuta yote, na chupa 6 zikabaki bila maana.

Mabaki ya ndege yafukieni mbali na ufuo, juu kabisa ya pale maji ya bamvua yanapofika.