Jinsi ya Kujenga Mtandao wa Kikanda wa Kulinda Unyonyeshaji

Kopo la maziwa ya unga ya watoto wachanga huvuka mpaka pamoja na lebo yake, na tangazo lililotengenezwa katika nchi moja husomwa kwenye simu za nchi jirani siku hiyohiyo. Kwa sababu hiyo, nchi yenye sheria kali dhidi ya matangazo hayo iliyopakana na nchi isiyo na sheria ni sawa na nyumba iliyofungwa mlango na kuachwa dirisha wazi. Mtandao wa kikanda huundwa ili kuliziba dirisha hilo.

Anzeni mkiwa wachache. IBFAN, mtandao wa kimataifa unaotetea unyonyeshaji, ulianzishwa Geneva mnamo Oktoba 1979 na vikundi sita tu. Katika kila nchi tafuteni mkunga au muuguzi anayeona yanayotendeka wodini, mwanasheria, mtetezi wa haki za walaji, mtu wa chama cha wafanyakazi, na kikundi cha akina mama wanaosaidiana kunyonyesha. Akina mama hao wasiitwe kutoa ushuhuda tu kisha wakaagwa; wawe wajumbe wenye kura.

Kabla ya kuchagua hata mwenyekiti, andikeni kanuni ya fedha. Mtandao usipokee chochote kutoka kwa watengenezaji au wauzaji wa vibadala vya maziwa ya mama, chupa na chuchu bandia, iwe ni ruzuku, tiketi ya ndege, chakula cha mchana cha semina, au msaada uliopitishwa katika taasisi wanayoifadhili. Kila mjumbe atie saini tamko la maslahi yake kila mwaka. Wapo watakaosema huo ni ukali uliopita kiasi, lakini mwongozo uliopokelewa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, chombo cha juu cha Shirika la Afya Duniani, mwaka 2016 unazitaka kampuni hizo zisidhamini hata mikutano ya wataalamu wa afya, na mimi naamini mtandao uliokula kwa mfadhili wa namna hiyo huanza kunyamaza kabla hajauomba unyamaze.

Kazi itakayowapa nguvu kuliko zote ni kukusanya ushahidi kwa namna moja katika nchi zote. Msingi wake ni Kanuni ya Kimataifa ya Uuzaji wa Vibadala vya Maziwa ya Mama, iliyopitishwa tarehe 21 Mei 1981, ambayo inakataza kuzitangaza bidhaa hizi kwa umma, kuwagawia akina mama sampuli za bure, na kuvitumia vituo vya afya kuzinadi. Kifungu chake cha 11.4 kinayapa mashirika ya kiraia, vyama vya kitaaluma na hata mtu binafsi wajibu wa kuzijulisha kampuni na serikali pale Kanuni inapokiukwa, kwa hiyo msikubali kuambiwa kwamba mnaingilia yasiyowahusu.

Chukueni kopo dukani mlizungushe taratibu mkononi. Mbele, tazameni kama kuna picha ya mtoto mchanga, au maneno yanayoyapamba maziwa hayo, kwani yote mawili hayaruhusiwi. Nyuma, tafuteni maelezo kwamba maziwa ya mama ni bora, agizo kwamba bidhaa itumiwe kwa ushauri wa mhudumu wa afya, na maelekezo ya kuiandaa pamoja na onyo la hatari ya kuiandaa vibaya, yote yakiwa katika lugha ambayo wanunuzi wanaielewa. Kisha lisimamisheni kando ya kopo la kampuni hiyohiyo lililokusudiwa mtoto wa mwaka mmoja au miwili. Rangi zikiwa zilezile na nembo ileile, tangazo la kopo hili la pili linalinadi la kwanza bila kulitaja. Na mwongozo wa mwaka 2016 unayagusa pia maziwa ya watoto wa hadi miezi 36.

Fomu yenu iwe ya ukurasa mmoja: tarehe, mahali, bidhaa, kampuni, kilichoonekana, na kifungu kilichovunjwa. Piga picha mbili, ya karibu inayosomeka na ya mbali inayoonyesha bidhaa ilipowekwa. Tangazo la mtandaoni lipigwe picha ya skrini papo hapo, yenye anwani na tarehe, maana huenda kesho lisiwepo. Muuguzi anayeripoti kituo chake mwenyewe jina lake libaki kwa mratibu mmoja tu, kwa kuwa huenda akahatarisha ajira yake.

Mkishapata fomu za kutosha, linganisheni sheria za nchi zenu kifungu kwa kifungu, kisha chagueni dai moja. Linaweza kuwa masharti ya lebo yanayofanana kwa kanda nzima, ambapo mtaomba kusikilizwa na kamati za viwango, au likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14 na mapumziko ya kunyonyesha yenye malipo, kama unavyoelekeza Mkataba Na. 183 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000. Pelekeni dai hilohilo kwa kila wizara katika mwezi mmoja, mkiambatanisha ushahidi wa nchi jirani. Wiki ya Unyonyeshaji Duniani, Agosti 1 hadi 7, inafaa kwa kuzungumza na umma. Kwa wizara nendeni mapema zaidi, wakati bajeti na miswada ingali inaandaliwa.

Katika kila tamko, elezeni wazi kwamba Kanuni haikatazi kuuza maziwa ya kopo, na kwamba mama anayeyatumia hashtakiwi na mtu. Anahitaji maelezo ya kweli kama mama mwingine yeyote.

Wizara ikijibu, mratibu ampelekee nakala ya jibu yule aliyejaza fomu ya kwanza. Isipojibu baada ya siku 30, amjulishe hivyo pia, na barua ya pili iende ikiwa na saini za nchi zote.